Behringer XR18 kwa kwaya na bendi za Nyanda za Juu Kusini: nunua, ila usiinunue peke yake

Tuanze na hukumu, maelezo yafuate. Kwaya yenye vyombo vyake, au bendi ya watu sita hadi tisa inayozunguka Mbeya, Tukuyu, Njombe na Iringa, ikinunua Behringer XR18 imepata mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, ya kuitosha kwa miaka mingi. Lakini ukiichukua peke yake, bila ruta ya nje na bila UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), umenunua nusu ya kifaa, na nusu hiyo itakuacha njiani siku ukumbi umejaa. Tathmini hii inahusu zaidi hiyo nusu ya pili, kwa sababu watu wengi wanaoilaumu mikisa hii kwa kweli wanalaumu namna ilivyofungwa.

XR18 ilitambulishwa mwaka 2014. Ni sanduku la kidijitali la kukaa jukwaani, halina skrini wala vitelezi, na mafundi mitambo waliozoea feda za kusukuma kwa vidole huishangaa siku ya kwanza. Kila kitu kinaendeshwa kwa tableti, simu au laptop. Usoni ina matundu 16 ya maiki yenye priampu (vikuza sauti vya mwanzo) za muundo wa Midas, na matundu mawili ya jeki kubwa ya ishara ya laini, namba 17 na 18. Kutoka nje kuna kushoto na kulia kwa spika kuu, oksi sita (njia za ziada, hasa za monita, yaani spika za wanamuziki kujisikia), hedifoni, na tundu la Ultranet kwa wenye vifaa vya monita vya P16. Kila chaneli ya maiki ina kata-besi, geti ya kunyamazisha maiki sauti ikiwa ndogo, kompresa ya kubana sauti kubwa, na ikwalaiza ya bendi nne ya kurekebisha masafa. Kila njia ya kutokea ina ikwalaiza ya bendi sita, au ukitaka ya grafiki yenye bendi 31. Efekti ni injini nne za stereo. Mwenye mikisa ya kawaida ya chaneli 16 angehitaji kabati zima la mashine pembeni kupata hayo yote.

Faida yake kubwa kwa huku kwetu ni mahali inapokaa. Mikisa ya mezani huwekwa nyuma ya ukumbi na kuunganishwa na jukwaa kwa kebo nene ya nyaya nyingi, mita 30 au zaidi, inayokanyagwa, kubanwa na viti na kukatika ndani pasipoonekana. XR18 inakaa hatua mbili kutoka kwenye drams. Nyaya za maiki zinakuwa fupi, na kinachokwenda nyuma ni Wi-Fi au waya mmoja wa mtandao wa Cat5e, ambao unaruhusiwa kufika mita 100. Pesa iliyookolewa kwenye ile kebo nene inatosha kununua stendi na nyaya nzuri.

Na fundi hafungwi tena na meza. Makanisa mengi ya Mbeya na Iringa ni ya tofali za kuchoma na bati lisilo na dari, na meza ya mitambo imebanwa kwenye ukuta wa nyuma. Pale ukutani besi hujaa kuliko sehemu nyingine yoyote ya ukumbi. Fundi anaisikia nzito, anaipunguza, na waumini walioko katikati wanabaki na sauti nyembamba ya kuchoma masikio. Ukiwa na tableti unasimama katikati ya watu, unapunguza unachokisikia wewe na wao, kisha unakwenda kona ya akina mama, unarudi mbele kwa wazee, na kusahihisha ukiwa hapo hapo. Hakuna kitu kingine kwenye mikisa hii chenye thamani kama hicho.

Sasa mtandao, ambako ndiko matatizo yalikojaa. Ndani ya XR18 kuna Wi-Fi yake, yenye swichi ya nafasi tatu: kutumia waya wa mtandao, kujiunga na Wi-Fi ya mahali, au yenyewe kuwa kituo cha Wi-Fi. Wi-Fi hiyo ni ya 2.4 GHz tu, na ikiwa kituo inapokea vifaa vinne, basi. Chumbani inafanya kazi vizuri. Weka watu 500 wenye simu mifukoni, wengine wamewasha hotspoti, na hali inabadilika kabisa. Miili ya watu inanyonya mawimbi ya 2.4 GHz, hotspoti zinagombania chaneli zile zile chache, na sanduku lenyewe liko chini sakafuni nyuma ya spika. Tableti inakatika katikati ya wimbo. Sauti haikatiki, na hilo lifahamike vizuri, maana mikisa inaendelea kuchakata hata kama hakuna kifaa kilichounganishwa. Ila huwezi kuzima maiki inayolia mluzi, na sekunde 20 za mluzi kwenye ibada ni ndefu mno.

Dawa yake ni ruta ndogo ya bendi mbili, 2.4 na 5 GHz. Chomeka waya wa Cat5e kutoka tundu la mtandao la XR18 hadi tundu la LAN la ruta, siyo lile la WAN. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaona taa zinawaka lakini programu haiioni mikisa. Swichi iweke kwenye nafasi ya waya, na kwenye mipangilio ya mtandao chagua DHCP ili ruta igawe anwani yenyewe. Kisha ingia kwenye ruta uipe mikisa anwani ya kudumu, ili isibadilike kila ukiwasha. Weka nywila ndefu. Ruta ipandishe kwenye stendi ya spika au ya taa, mita 2.5 kutoka sakafuni, mawimbi yapite juu ya vichwa. Tableti yako iunganishe kwa 5 GHz. Mkiwa mafundi wawili, wa pili abaki na laptop kwa waya, ikiwa tayari muda wote.

Kuna tatizo moja dogo linalowatesa wenye simu na tableti za Android. Ruta ya mikisa haina intaneti. Android ikigundua hilo, hujaribu kukurudisha kwenye data ya laini bila kukuuliza, na programu inasema mikisa haionekani wakati ruta iko hapo hapo. Zima data kabisa, au weka kifaa katika hali ya ndege halafu washa Wi-Fi peke yake. Hali ya ndege inasaidia pia kuzuia simu isiite katikati ya ibada. Kwa programu, X AIR Edit ya laptop ndiyo ya kupanga kila kitu kabla, na ya tableti ndiyo ya kuchezea wakati wa onyesho. Mafundi wengi hupenda Mixing Station kwa sababu unaweza kupanga kurasa upendavyo, na kwenye skrini ndogo ya simu inasomeka vizuri zaidi.

Matundu 18 yanaonekana mengi mpaka uanze kuyagawa. Huu ni mgao unaofaa kwaya ya watu 40 yenye bendi yake. Gitaa la besi liingie namba 1 na gitaa la solo namba 2, kwa sababu hayo mawili tu ndiyo yameandaliwa kupokea gitaa moja kwa moja bila kisanduku cha DI, kile kinachogeuza ishara ya gitaa iwe kama ya maiki. Waya wa gitaa usizidi mita 6, ukizidi hapo sauti ya juu inafifia. Gitaa la ridhimu lipite DI liingie 3. Drams zichukue 4, 5 na 6: kiki, snea, na maiki moja ya juu. Ngoma au tumba, 7. Kwaya, 8 hadi 10. Waimbaji viongozi, 11 hadi 14. Mhubiri au mshereheshaji, 15. Namba 16 iache wazi, maana siku zote kuna mgeni anayekuja na gitaa au zeze dakika tano kabla ya kuanza. Kinanda kipeleke 17 na 18. Matundu hayo hayana priampu ya maiki wala umeme wa fantomu (ule unaolisha maiki za kondensa), na kinanda hakihitaji hivyo viwili. Kiwango kipangwe kwenye kinanda chenyewe, kiwe robo tatu, na mpigaji aelewe kwamba hakigusi tena.

Mtashangaa kwamba kwaya ya watu 40 imepewa maiki tatu. Ni makusudi, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu kosa la kurundika maiki mbele ya kwaya liko kila mahali. Safu tatu za watu 13 au 14, kila mtu akichukua nusu mita, zinatoa upana wa kama mita 7. Maiki ya kondensa ikiwa sentimita 80 kutoka midomo ya safu ya mbele, kanuni ya moja kwa tatu inasema maiki jirani iwe mbali mara tatu ya hapo, yaani mita 2.4. Maiki tatu zinaumaliza upana wote. Ukiweka sita, mwimbaji mmoja anaingia kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo. Tofauti ya sentimita 34 ni milisekunde moja, na milisekunde moja inatosha kufuta 500 Hz, 1,500 Hz na 2,500 Hz, masafa ambayo ndiyo yanabeba vokali na konsonanti za Kiswahili. Kwaya inasikika kama iko ndani ya bomba, na fundi anahangaika na ikwalaiza kutibu ugonjwa ambao ikwalaiza haiwezi kuutibu. Juu ya hayo, kila unapozidisha maiki zilizo wazi mara mbili unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla mluzi haujaanza. Kutoka maiki tatu kwenda sita umetupa desibeli 3 bure. Inua maiki sentimita 50 juu ya vichwa vya safu ya mbele, zielekee safu ya kati, na mwambie mwalimu wa kwaya awapange wenye sauti kubwa nyuma.

Geni, yaani kiwango cha sauti inapoingia, ipange kwaya ikiimba kipande chake kikubwa kuliko vyote, siyo wakisema "haloo, haloo". Wastani uwe karibu na -18 kwenye mita ya mikisa na kilele kisipite -6. Fantomu inawashwa kwa kila chaneli peke yake, nayo ni nafuu kubwa. Ila zima chaneli kwanza, subiri sekunde chache, ndipo uichomeke au kuichomoa kondensa. Kata-besi iwe 120 Hz kwa kwaya, 100 Hz kwa viongozi na mhubiri, na 35 Hz kwa besi ili spika zisitapatape kwa kitu kisichosikika.

Kwa mluzi, tumia kipima masafa kilichomo ndani ya ikwalaiza. Ukumbi ukiwa mtupu pandisha sauti kuu taratibu mpaka sauti moja ianze kulia, itazame kwenye mistari, ipunguze desibeli 3 kwa bendi nyembamba, endelea. Mara tatu au nne zinatosha. Ukijikuta unakata ya tano na ya sita, acha ikwalaiza, sogeza spika mbele ya maiki au geuza monita. Fanya hivyo hivyo kwa kila oksi ya monita peke yake, maana mluzi mwingi wa kanisani hutoka kwenye monita na spika kuu zinasingiziwa tu. Usisahau kwamba sabufa ukiipa oksi yake, ambayo tunaipendekeza, unabaki na monita tano badala ya sita.

Mvua ya Rungwe juu ya bati hakuna mikisa itakayoishinda. Inaweza kupunguzwa madhara tu. Mhubiri ashike maiki sentimita tatu hadi tano kutoka mdomoni, kata-besi ipande hadi 150 Hz, na maiki zote za kwaya zizimwe anapoongea. XR18 inakusaidia kwa makundi manne ya kuzima: weka maiki za kwaya kundi la 1, drams na ngoma kundi la 2, na kila kundi linanyamaza kwa kugusa mara moja. Kwa semina na mikutano ya watu wengi mezani, washa automiksi, inayogawana geni moja kati ya maiki zote ili jumla isipande. Kwenye kwaya iache imezimwa, kwa sababu itawavuta juu na chini waimbaji na kuharibu mizani ambayo mwalimu ameitafuta wiki nzima.

Baridi ya huku nayo ina hesabu yake. Kasi ya sauti hewani ni kama mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi joto moja huongeza mita 0.6. Wengi hudhani ni mwinuko wa Mbeya unaobadilisha sauti. Mwinuko hauhusiki na kasi, ni joto. Chukua mkutano wa nje kwenye uwanja wa ukubwa wa Sokoine au Samora, wenye spika za pili mita 40 kutoka jukwaani. Mchana wa nyuzi 25 sauti ya jukwaani inazifikia baada ya milisekunde 116 hivi. Usiku wa Juni ukishuka hadi nyuzi 8, ni milisekunde 119. Spika za pili hucheleweshwa kwa muda huo ili sauti zake zifike pamoja na za jukwaani; ukiwa umebana hesabu kabisa mchana, usiku spika za pili zinatangulia, na watu wanageuza vichwa kusikia mhubiri akitokea pembeni. Ongeza milisekunde 10 juu ya hesabu na tatizo linaisha. Hapa XR18 inastahili lawama ya wazi: haina ucheleweshaji kwenye matundu ya kutokea. Kwa kazi hiyo lazima uwe na prosesa ya spika pembeni, au spika zenye ucheleweshaji ndani yake. Kwa ukumbi wa kawaida halikugusi. Kwa mwenye kufanya mikutano ya viwanjani, ni kasoro ya kuifikiria kabla hajatoa pesa.

Jambo jingine la baridi ni umande ndani ya mashine. Vyombo vilivyolala kwenye gari Mbeya mjini na kuteremshwa asubuhi hadi Kyela, ambako ni joto na unyevu wa ziwani, hutoa jasho kwenye kila kipande cha chuma. Fungua kasha, acha mikisa ikae dakika 45 kabla ya kuwasha.

Umeme: XR18 inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukififia taa zikawa nyekundu, mikisa haitetereki. Adui ni volti zikipanda, hasa jenereta yenye nyutro iliyolegea, au umeme unaporudi kwa kishindo. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka chochote. Kati ya 210 na 245 endelea, ikipita 250 usichomeke. Mikisa na ruta kwa pamoja vinakula umeme mdogo, na UPS ya kawaida ya VA 650 inavishikilia kwa muda wa kutosha jenereta kuwashwa. Usiziweke amplifaya kwenye UPS hiyo. Bila UPS, umeme ukipepesa sekunde moja unasubiri mikisa iwake, ruta iwake, tableti ijiunge, na kwaya imesimama inakutazama. Washa mikisa kwanza na amplifaya mwisho, na wakati wa kuzima anza na amplifaya.

Laptop ikichomekwa kwenye chaja yake na kwenye mikisa, mara nyingi muungurumo wa 50 Hz unatokea. Iendeshe kwa betri, au chukua umeme wa vyote kwenye ubao mmoja wa soketi. Kukata pini ya athi ni kuhatarisha maisha ya anayeshika maiki, na hatuna maneno laini ya kulisema hilo.

Sasa upande wa mtunzi, ambao wauzaji huwa hawautaji. Waya mmoja wa USB unatoa chaneli 18 kwenda kwenye laptop na kurudisha 18, kwa 44.1 au 48 kHz. Waya usizidi mita 5. Kwa Windows weka kwanza draiva ya ASIO ya kampuni, kwa Mac inasomeka yenyewe. Kwa biti 24 na 48 kHz kila chaneli inakula MB 8.64 kwa dakika, hivyo chaneli 16 kwa saa mbili ni kama GB 16.6. Tumia diski ya SSD, kwa sababu diski za kuzunguka hutetemeshwa na sabufa na rekodi inaruka. Ikumbukwe kwamba XR18 hairekodi kwenye flashi. Ndugu zake wadogo, XR12 na XR16, ndio wanaorekodi stereo kwenye flashi. Hii inahitaji laptop.

Ukiwa na rekodi hiyo, kila chaneli unaweza kuibadilisha chanzo kutoka maiki kwenda USB, na kesho yake kwaya nzima inaimba ndani ya mikisa bila mtu hata mmoja kuwepo. Fundi anajifunza ukumbi kwa saa tatu bila kumchosha mtu. Mtunzi naye anaweza kufungua sauti moja moja na kujua kwa nini wimbo wake haukusikika alivyouandika.

Kwenye rekodi za kwaya za huku, jambo linalojitokeza kila mara ni sauti ya pili kupotea. Alto wanaimba kati ya A chini ya C ya kati na E juu yake, yaani 220 hadi 330 Hz, na mkono wa kulia wa kinanda umekaa hapo hapo na sauti ya nyuzi ndefu isiyokatika. Fundi atapandisha maiki ya upande wa alto mpaka ilie. Jibu liko kwa mtunzi: kwenye beti, mkono wa kulia upande oktava moja au upige noti ya kwanza na ya tano peke yake, na nyuzi ndefu zisubiri kiitikio. Mkono wa kushoto nao usishuke chini ya C ya 131 Hz kama kuna gitaa la besi, kwa sababu kiki na besi tayari wanagawana kuanzia 40 hadi 120 Hz na hakuna nafasi ya wa tatu. Na magitaa mawili ya sebene yasikae mkao mmoja. Moja likipiga chini ya feti ya tano, jingine likae juu ya feti ya saba, na utaona ikwalaiza za chaneli zote mbili zinarudi karibu na sifuri. Wimbo uliopangwa vizuri unahitaji fundi aguse kidogo tu.

Kwa nyimbo zenye kiambatanisho cha kompyuta, peleka muziki kwenye chaneli mbili za USB na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) kwenye ya tatu. Kliki iondoe kabisa kwenye kushoto na kulia, iende oksi ya mpiga drams tu, kwenye hedifoni. Ihakikishe kabla watu hawajaingia, kwa sababu kliki ikivuja kwenye spika kuu hakuna asiyeisikia.

Vyombo vya asili vinatendewa vizuri na priampu hizi, kwa kuwa ni tulivu. Ligombo la Wahehe lina sauti ndogo. Maiki ndogo ya kondensa sentimita 20 kutoka kwenye nyuzi, kata-besi 150 Hz, bila geti, na monita ya mpigaji iwe pembeni yake, isimtazame. Ngoma kubwa za Kinyakyusa zinataka kinyume: maiki ya dainamiki sentimita 10 kutoka ukingo wa ngozi, geni ndogo, na geti ibaki imezimwa, maana mlio unaobaki baada ya pigo ndio ngoma yenyewe. Kikundi cha tarumbeta cha kanisa hakihitaji maiki ukumbini. Waweke nyuma ya kwaya, na wapunguziwe kwenye nota badala ya kwenye mikisa.

Kabla hujalipa, linganisha na mbili. Soundcraft Ui24R ina Wi-Fi ya 5 GHz ndani yake, inarekodi chaneli nyingi moja kwa moja kwenye flashi na inaendeshwa kwa kivinjari bila programu. Kama bajeti inafika na huna laptop ya uhakika, ifikirie kwa uzito. Behringer X32 ya mwaka 2012 ina vitelezi na chaneli 32, na kwa kanisa lenye mafundi wanaopokezana kila Jumapili vitelezi ni salama zaidi, kwani mtu mzima aliyezoea kusukuma feda hawezi kubadilishwa kwa semina ya siku moja. Kama mitambo yenu haitoki kanisani kamwe na mafundi ni watano, chukueni yenye vitelezi. XR18 ni ya kikosi kinachosafiri chenye fundi mmoja au wawili wanaoielewa, na hao wahifadhi mpangilio wa kila ukumbi kwa jina lake. Nafasi zipo 64.

Kwa mnunuzi wa XR18 iliyotumika, nenda na maiki moja ya dainamiki, kondensa moja, hedifoni, waya wa mtandao na laptop yenye X AIR Edit. Pima matundu yote 16 kwa maiki ile ile na geni ile ile, mita zilingane. Washa fantomu kwa kila moja na kondensa ipokee. Sikiliza hedifoni ukiwa umepandisha geni bila kusema kitu: chaneli inayovuma kuliko wenzake ina priampu inayoelekea kufa. Jaribu oksi zote sita moja moja. Sogeza swichi ya mtandao kwenye nafasi zote tatu, kisha iache kwenye waya na utingishe plagi ya Cat5e huku ukitazama mita kwenye skrini. Zikiganda, tundu la mtandao limelegea, na kwa mikisa isiyo na kitelezi hata kimoja hilo ndilo tundu la kukataa nalo mashine, bei iwe nzuri namna gani.